Malalamiko ya mashabiki huanzia studio: yanayoijenga na yanayoiharibu albamu ya hevi metali

Albamu mpya ya hevi metali ikitoka, maoni ya siku ya kwanza hufanana karibu kila mara. Gitaa la besi halisikiki. Snea (ngoma ndogo yenye waya chini) inalia kama kopo. Ngoma ni za kompyuta. Haina uzito wa albamu iliyopita. Bendi nyingi huyapokea maneno haya kama chuki, au kama ushahidi kwamba wasikilizaji hawajaelewa kazi yao. Sisi tulio kwenye kazi hii ya kurekodi tumejifunza kuyasoma vingine. Karibu kila lalamiko la namna hiyo lina hatua yake studio, na mara nyingi hatua hiyo ilipita wiki kadhaa kabla fundi mitambo hajaanza kuchanganya sauti, yaani miksi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ...And Justice for All ya Metallica, iliyotoka mwaka 1988. Ilikuwa albamu yao nzima ya kwanza wakiwa na Jason Newsted kwenye besi, baada ya Cliff Burton kufariki katika ajali ya basi nchini Sweden, Septemba 1986. Besi ilirekodiwa, kisha ikashushwa kwenye miksi mpaka msikilizaji wa kawaida akawa haipati kabisa. Uamuzi wa kuishusha ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Besi ilifuata gitaa la James Hetfield karibu noti kwa noti, na sauti ya gitaa hilo ilikuwa imejazwa chini na kupunguzwa katikati, hivyo vyombo viwili vikawa vinagombea nafasi ileile. Albamu ilifika nafasi ya 6 Marekani na ikauza mamilioni. Hata hivyo, mpaka leo ikitajwa, besi haikosi kutajwa pamoja nayo. Bendi kubwa inaweza kuibeba kasoro ya namna hiyo. Bendi inayotafuta wasikilizaji wake wa kwanza haiwezi.

Kwa hiyo swali la kwanza huulizwa kabla ya kurekodi chochote: sehemu ya chini ni ya nani? Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ukiachwa wazi, hutoa Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Ukishushwa hadi D hutoa Hz 73, na ukishushwa hadi B hutoa Hz 62. Besi hukaa oktava moja chini yake, yaani Hz 41, 37 na 31. Uzito wa ngoma ya mguu nao uko kati ya Hz 50 na 100. Ukiwaacha wote watatu wajae kati ya Hz 60 na 120, hakuna fundi atakayewatenganisha bila kumwumiza mmoja wao. Bendi ikikaa na kuamua mapema, kazi inakuwa nyepesi. Katika nyimbo za polepole, tunapendelea ngoma ya mguu iwe chini kabisa, karibu Hz 60, na besi ipate mwili wake kati ya Hz 90 na 120. Katika nyimbo za kasi tunageuza: besi inashika chini, ngoma ya mguu inapanda juu kidogo na kutegemea ule mgongano wa kirungu na ngozi, kwa sababu mapigo yakikaribiana mno, mlio mrefu wa chini hauna pa kukaa.

Hesabu yake ni rahisi. Wimbo wa mapigo 200 kwa dakika, ngoma ya mguu ikipigwa mara nne katika kila pigo, una milisekunde 75 tu kati ya dundo na dundo. Ngoma yenye mlio wa milisekunde 150 itakuwa bado inalia wakati dundo linalofuata limeshafika, na itanyamaza la pili likiingia. Kinachosikika hapo ni mngurumo usio na mwanzo wala mwisho. Dawa yake huanzia kwenye ngoma yenyewe: mto au blanketi ndani yake, ligusane kidogo na ngozi ya mbele na ya nyuma, na kirungu kigumu cha plastiki au mbao badala ya kile laini. Ukisubiri kuukata mlio kwenye kompyuta, utaukata pamoja na uhai wake.

Nyuzi ndizo jambo linalodharauliwa kuliko yote. Bendi hushusha gitaa hadi C au B ili isikike nzito, lakini inabaki na seti ileile ya inchi 0.010 hadi 0.046 iliyokusudiwa E. Uzi unalegea. Mpigaji akiupiga kwa nguvu, noti inaruka juu kwa kitambo kifupi kisha inashuka, na kila pigo linaruka kwa kiasi chake. Kwenye mazoezi hakuna anayegundua. Studio, rekodi mbili za gitaa, ya kushoto na ya kulia, zikiwekwa pamoja, hazikubaliani hata mara moja, na msikilizaji anasikia matope. Kwa gitaa lililoshushwa na uzi mnene kufika C, uzi huo uwe wa 0.056 hadi 0.060. Kwa B anzia 0.062, au tumia gitaa la baritoni, ambalo uzi wake una urefu wa inchi 27 badala ya 25.5, maana urefu huongeza mvuto bila kulazimu uzi uzidi kunenepa.

Ukibadilisha unene wa nyuzi, lazima uweke upya urefu wa kila uzi kwenye daraja la gitaa. Gusa uzi bila kuubonyeza juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze palepale na ulinganishe kwa kipima sauti. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, sogeza tandiko la uzi nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Fanya hivyo ukipiga kwa nguvu ileile utakayotumia kwenye wimbo, siyo kwa kugusagusa. Nyuzi mpya kwa kila wimbo mmoja au miwili ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kulipia siku ya studio iliyoharibika.

Mpangilio wa kurekodi nao una sheria moja ambayo hatuivunji: ngoma zihaririwe mpaka ziishe kabla gitaa halijaguswa. Kwanza huwekwa kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) na ramani ya tempo, yaani kasi, ya kila wimbo, ikiwa na mabadiliko yote, kwa sababu kiitikio kinachopendeza kikiwa na mapigo 4 zaidi kwa dakika hupoteza nguvu kikibanwa kwenye kasi moja. Gitaa la muda hurekodiwa ili mpiga ngoma awe na cha kufuata. Zinafuata ngoma zenyewe, uhariri wake, kisha gitaa, besi na sauti za waimbaji. Bendi inayorekodi gitaa juu ya ngoma ambazo hazijanyooshwa inajitengenezea mtego: ngoma zikisogezwa baadaye, kila kilichopigwa juu yake kinabaki pale zilipokuwa mwanzo, na kila pigo linasikika mara mbili.

Kunyoosha ngoma kuna kiasi chake. Ukizibana zote kwenye gridi (mistari ya kliki kwenye kompyuta) kwa asilimia 100, unapata albamu ambayo mashabiki watasema imepigwa na mashine, na watakuwa sahihi. Sisi husogeza mapigo yaliyopotoka waziwazi, hasa pale ngoma ya mguu inapotakiwa kufungana na rifu (kifungu cha gitaa kinachorudiwarudiwa), na kuacha mengine. Vivyo hivyo sampuli, yaani rekodi fupi za dundo moja, za snea na ngoma ya mguu. Ni kawaida katika muziki huu kuzichanganya na ngoma halisi, na hakuna aibu yoyote. Kosa ni kuweka sampuli moja kwa nguvu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye mapigo ya haraka ya snea inageuka milio inayolingana kabisa, na sikio la binadamu hulitambua hilo mara moja hata kama mwenye sikio hajui kulieleza. Tumia sampuli nne au tano za nguvu tofauti, ziache zifuate nguvu ya mpigaji, na snea halisi ibaki ikisikika juu au sambamba nazo.

Kuhusu snea, kuna albamu nyingine ya Metallica ambayo kila mtu huitaja: St. Anger ya 2003, iliyorekodiwa huku waya za chini ya snea zikiwa zimefunguliwa, hivyo ikalia kama chuma kitupu. Ulikuwa uamuzi, haikuwa ajali ya fundi, na albamu iliingia sokoni ikiwa namba 1 Marekani. Lakini sauti ya snea inarudi kila sekunde kwa zaidi ya saa nzima. Rifu mbaya hupita. Snea isiyopendeza haimpi msikilizaji mapumziko. Ndiyo maana tunasisitiza bendi itumie nusu siku nzima kwenye snea peke yake: ngozi mpya juu na chini, skrubu zote zikiwa na mkazo sawa, na kuisikiliza ikiwa pamoja na gitaa, siyo peke yake. Snea tamu ikiwa peke yake mara nyingi huzama gitaa zikiingia. Maikrofoni ya juu na ya chini zikitumika pamoja, geuza polariti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya ile ya chini. Usipofanya hivyo, mwili wa snea unapungua kwa sababu ngozi moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

Hapo pia ndipo mpiga ngoma anaweza kuiharibu albamu bila kujua. Anayepiga matoazi kwa nguvu na snea kwa upole ataingiza matoazi kwenye maikrofoni ya snea, na kila fundi atakapoipandisha snea, matoazi yatapanda nayo. Kelele hiyo ya kati ya Hz 3,000 na 6,000 ndiyo inayomfanya mtu azime albamu wimbo wa tatu akisema masikio yamechoka. Hakuna kifaa kinachotibu hili vizuri. Mpigaji apige ngoma kwa nguvu na matoazi kwa kiasi.

Kwenye gitaa, watu wengi hutarajia siri iwe kwenye amplifaya. Tunaona zaidi ya nusu ya kazi iko kwenye mkono wa kulia na kiasi cha geini, yaani nguvu inayoikwaruza sauti ya gitaa. Rifu moja hupigwa mara mbili, moja kushoto kabisa na moja kulia kabisa, na upana unatokana na tofauti ndogo kati ya mipigo hiyo miwili. Kunakili faili moja na kuliweka pande zote hakuleti upana wowote. Sauti inabaki katikati, imeongezeka tu. Kwa kuwa mapigo mawili yanajumlishwa, geini ya jukwaani inakuwa nyingi mno. Ipunguze mpaka gitaa moja likiwa peke yake lionekane limepungukiwa kidogo, kisha sikiliza mawili pamoja. Pedali ya ovadraivu mbele ya amplifaya, ikiwa na draivu karibu na sifuri na sauti juu, hukaza noti za chini kwa sababu inapunguza sauti za chini za gitaa kabla hazijafika kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo kazi yake katika hevi metali, wala haiwekwi pale kuongeza kelele.

Maikrofoni kama SM57 ikiwekwa sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye wavu wa spika, ilenge pale kifuniko cha katikati kinapokutana na koni. Sentimita moja kuelekea katikati huleta ukali, sentimita moja kwenda nje huleta giza. Isogeze kwanza, ekwalaiza (kurekebisha sauti za juu na za chini) baadaye. Ukiongeza maikrofoni ya pili, umbali wake na wa kwanza usiachane ovyo: tofauti ya sentimita 17 ni nusu milisekunde, na nusu milisekunde inatosha kufuta Hz 1,000, palepale gitaa linapotamkika. Na kila mara rekodi pia ishara safi ya gitaa, moja kwa moja kabla ya amplifaya. Siku ambayo sauti iliyochaguliwa itashindwa kukaa kwenye miksi, ishara hiyo itarudishwa kwenye amplifaya nyingine bila mpigaji kushika gitaa tena.

Sasa besi, ambako lalamiko letu la kwanza lilianzia. Njia inayofanya kazi ni kuigawa sehemu mbili. Chini ya takriban Hz 200 ibaki safi na ibanwe kwa kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) mpaka isiyumbe. Juu ya hapo ipitishwe kwenye distosheni, yaani kifaa cha kuikwaruza sauti. Spika ndogo ya simu haitoi karibu chochote chini ya Hz 200, kwa hiyo anayesikiliza wimbo kwenye simu hupata besi kupitia zile kelele zake za kati ya Hz 700 na 2,000, na ubongo unamalizia noti ya chini. Bila distosheni hiyo, besi ipo kwenye spika kubwa za studio na haipo kabisa kwa sehemu kubwa ya wasikilizaji. Gitaa nalo likatwe chini ya Hz 80 hadi 100. Kila mpiga gitaa hulalamika akisikia gitaa lake peke yake baada ya kukatwa, na kila mmoja hunyamaza besi ikirudi. Tena, usiiondoe sehemu ya kati ya gitaa. Ile sauti iliyochimbwa katikati hupendeza chumbani, lakini ngoma na matoazi vikiingia inatoweka, na hapo ndipo watu wanaposema albamu haina uzito.

Sauti ya kunguruma na ya kukwaruza tutaipitia haraka, kwa sababu kanuni zake ni chache. Mlio wake mwingi hutoka kwenye mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na nguvu hutoka tumboni. Koo likiuma, kitu kinafanywa vibaya na kikao kisimame. Saa mbili kwa siku zinatosha, baada ya hapo ubora hushuka na mwimbaji huanza kulazimisha. Maji yasiwe baridi sana. Kushika kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, kama jukwaani, studio ni marufuku, kwani huziba matundu yake na kuacha sauti ya puani.

Miksi ikienda kwa fundi wa masta, anayeiandaa sauti ya mwisho ya albamu, iende bila limita (kifaa kinachozuia vilele vya sauti) kwenye chaneli kuu, faili la biti 24, na nafasi ya desibeli 3 hadi 6 juu yake. Kisha bendi ijizuie kuomba sauti kubwa kuliko ya wenzao. Death Magnetic ya 2008 ilifundisha jambo hili hadharani: ilibanwa mpaka ikapasuka, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika zikiwa na pumzi zaidi. Walifikia kusaini ombi la kutaka imiksiwe upya. Siku hizi kelele hiyo hata haina faida. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo hadi LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Wimbo uliobanwa hadi −6 unashushwa desibeli 8, na snea iliyosagwa inabaki imesagwa, sasa ikiwa ndogo kuliko ya jirani aliyeacha nafasi. Kwa muziki huu, −9 au −8 inatosha kabisa, kilele kisizidi −1. Ukitaka kulinganisha na albamu unayoipenda, kwanza fanya zote mbili ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, vinginevyo kubwa itashinda kila mara.

Santuri ina mahitaji yake, na bendi zikiyakumbuka mwishoni huwa zimechelewa. Upande mmoja wa inchi 12 kwa mizunguko 33 hubeba dakika 18 hadi 22 vizuri. Ukizidisha, sauti hupungua na besi hukonda. Karibu na katikati ya santuri mfereji hupita polepole chini ya sindano, hivyo sauti za juu huanza kukwaruza. Kwa hiyo wimbo wenye matoazi mengi na kelele nyingi usiwe wa mwisho wa upande. Uweke ule mzito wa polepole. Besi ikae katikati, siyo upande mmoja, la sivyo sindano huruka. Mpangilio wa nyimbo, basi, huamuliwa mapema, na santuri huhitaji masta yake peke yake.

Kisha albamu inatoka. Tangu Julai 2015 muziki mpya hutolewa Ijumaa duniani kote, na ombi la kuwekwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify hupelekwa angalau siku 7 kabla; sisi tunapendelea wiki nne, maana faili lenye kasoro au namba ya ISRC (utambulisho wa kila rekodi) iliyokosewa hula muda. Wimbo wa kwanza kutangulia uwe ule unaofanana na albamu nzima. Bendi hupenda kutanguliza ule wa ajabu kuliko yote, wenye kinanda au uimbaji laini, kwa sababu ndio unaowasisimua wao. Shabiki anahitimisha kwamba albamu yote iko hivyo, na nyimbo nyingine tisa hazipati nafasi ya kumbadilisha mawazo.

Maoni yakianza kuja, yasijibiwe kwa mabishano, wala yasipewe uzito mmoja. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, Februari 1970, ilibezwa na wakosoaji wengi, ikafika nafasi ya 8 Uingereza. Linganisho na albamu iliyopita litatawala wiki mbili za mwanzo na halina la kufundisha. Tunachotafuta ni maoni yanayotaja kitu mahususi na yanayorudiwa na watu wasiojuana: snea kuzama kwenye wimbo wa nne, sauti ya mwimbaji kupotea kwenye kiitikio, mwisho wa wimbo fulani kurefuka. Hayo huandikwa, kila moja karibu na hatua iliyolizaa. Maonyesho nayo yana ushahidi wake. Wimbo ambao bendi inajikuta ikiupiga kwa mapigo 8 zaidi kwa dakika kila usiku ulirekodiwa polepole mno, na rifu ambayo watu hawaitikii hata ikipigwa vizuri ilikuwa ndefu tangu chumba cha mazoezi.

Mafaili nayo yahifadhiwe siku ileile masta inapopokelewa, kabla mtu hajabadilisha kompyuta. Kila chombo kitolewe kama WAV inayoanza mwanzo kabisa wa wimbo, ikiwemo ishara safi ya gitaa na besi, ngoma bila sampuli, na sampuli peke yake. Weka humo ramani ya tempo, namna nyuzi zilivyoshushwa na unene wake, picha za vitufe vya amplifaya na mahali maikrofoni zilipokaa. Nakala ziwe mbili kwenye diski tofauti, zikae nyumba tofauti, na mtu mmoja kwenye bendi awe na jukumu la kuzifungua kila mwaka kuona kama bado zinasomeka.